Paka Kwenye Kona ya Chipu

Ukumbi wa maonyesho ulifurika, na kiti kitupu kilikuwa kimoja.

"Kaka, mkono wangu umefika kwanza."

"Basi kaa, dada. Mimi nisimame nikutazame."

Binti wa gauni la kijani akacheka, kisha akasoma kitambulisho kifuani mwa kijana. Mahasimu! Wote wawili walikuwa wasanifu wa chipu za kompyuta, zile zinazochorwa kwa mahitaji ya mteja mmoja tu, na kampuni zao zilinyang'anyana wateja hao, kila moja ikiiita nyingine mwizi.

Wakapendana hivyo hivyo, kwa sharti kwamba kazi isitajwe.

"Mbona umechoka, mpenzi?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Umeanza!"

Walitaniana, lakini moyoni kila mmoja alijiuliza kama anapendwa au anapelelezwa.

Kampuni ya kijana ikashinda zabuni kubwa. Chipu ilipoingia sokoni, bosi wa binti aliinunua na kuipasua, kama wafanyavyo washindani wote, akamwita kwenye hadubini. Kwenye kona ya chipu alijificha paka mdogo wa kuchorwa mwenye mkia uliopinda. Wasanifu wana mchezo wa kuficha vijichoro, na paka huyo alikuwa kwenye kila chipu ya binti.

"Mwizi wa mchoro hunakili hadi paka," bosi alisema. "Nani kampa, kama si wewe?"

Binti akasimamishwa kazi. Alimpigia kijana.

"Uliiba kwenye kompyuta yangu!"

"Paka tu, mpenzi! Yule uliyenichorea kiganjani. Nilijua mtaipasua, nikataka umwone ujue nakuwaza."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa!"

Akakata simu, akalia. Hata mabusu yake sasa aliyashuku.

Kijana alikwenda kwa mabosi wake akakiri, akawasihi michoro ya kampuni zote mbili ilinganishwe. Wakakubali ili wasafishe jina lao. Hakuna kilichofanana ila paka. Binti akarudishwa kazini. Kijana akafukuzwa kwa kuchezea chipu ya mteja.

Binti alimkuta nje, kwenye ngazi za ofisi iliyomfukuza, tai ikining'inia mfukoni.

"Nisamehe. Nilikushuku."

"Na mimi nilikuponza. Sasa sina kampuni, huna sababu ya kunishuku. Nikuoe?"

Alimkazia macho, akitafuta hila kwa mazoea. Hakuiona. Akaketi karibu naye kwenye vumbi, akamshika mkono.

"Nioe. Ila siku nyingine ukitaka kunipenda hivyo, niulize kwanza."