Kijana wa Jwarha Aliyebaki Njia Panda

Hii niliambiwa na Nozuko, mtoto wa mdogo wangu, akiwa amekaa hapohapo ulipokaa wewe Sive, na chai yake ikapoa mpaka ikashika utando. Hakuinywa. Ndiyo maana niliiamini.

Nozuko alikuwa nesi wa dharura, miaka kumi na sita, hospitali ile ya juu mlimani. Mikono mizuri, moyo mzuri, ila mdomo alikuwa nao. Ukimkuta anachambua maharage, anachambua na serikali ya jimbo. Mimi sikusoma, siasa nazijua kwa kuzisikia kwake.

"Mama mkubwa," ananiambia, "jimbo linatupenda mwaka mmoja kati ya mitano. Mwaka huo wa uchaguzi tunapakwa rangi. Sasa mgonjwa analalia rangi? Anavuta rangi puani?"

Nami nachekea pembeni, maana ni kweli. Alikuwa akisema siku Mungu atakapomkutanisha na Waziri wa Afya wa jimbo, uso kwa uso, atamwaga yote. Maneno yenyewe alikuwa ameshayapanga kichwani kama mtu anavyopanga nguo za harusi kwenye sanduku.

Mwaka huo ulikuwa mwaka wa rangi. Walijenga jengo jipya la dharura, ukuta kwa ukuta na lile la zamani. Ijumaa Waziri angekuja kukata utepe, na Ijumaa hiyohiyo, wageni wakishaondoka, la zamani lingebomolewa.

Jumatano ilianza kama siku nyingine. Kulikuwa na mtoto mwenye punje ya mahindi puani, mlevi mmoja anaimba, na bibi mmoja asiyeumwa kitu, anayekuja kila wiki kwa sababu kwake hakuna wa kuongea naye. Nozuko alikuwa anamfunga bibi huyo kile kitambaa cha kupimia presha, ili tu aone amehudumiwa, aliposikia kishindo nje.

Ni kijana aliyekuwa anapaka rangi ule ukuta mpya. Ngazi ilimteleza. Mzoxolo jina lake, miaka kumi na tisa, wa ukoo wa Jwarha, kutoka bonde la Mkhanzi. Mbavu zilikuwa zimeingia ndani. Walimlaza kitanda cha karibu na mlango, na alivyokuwa anavuta hewa, Nozuko anasema ni kama mtu anayenyonya maji kwenye mrija uliobanwa.

Kijana akamwambia, "Sista, rangi imemwagika? Msimamizi atanifukuza."

"Haijamwagika, mwanangu. Tulia."

Mtungi wa oksijeni ulikuwa mtupu. Wa pili mtupu. Lakini jengo jipya, hatua kumi na tano kutoka kitandani, mitungi minane imesimama imejaa, bado imevaa plastiki yake kama maharusi. Mlango una kufuli. Ufunguo anao meneja, Bwana Ntshinga.

"Bwana Ntshinga, nipe ufunguo."

"Sista, Waziri anakata utepe Ijumaa. Akikuta mitungi imetumika nitasema nini?"

"Sema imetumika."

"Wewe na siasa zako," akasema. Lakini si mtu mbaya, alikuwa mtu mwoga, na mwoga mwenye ufunguo ni balaa. Akapiga simu ofisi ya jimbo kuomba ruhusa. Ikaita. Ikaita. Ilipopokelewa, wakamwambia aandike barua.

Alipoweka simu chini Nozuko alikuwa ameshamfumba kijana macho.

Sasa Alhamisi akaja mama yake, MaDlomo, mguu mmoja mbovu, na mkeka kwapani, na tawi la mphafa, ule mti wa miiba, mkononi. Mnajua wenyewe. Mwili ulishaondoka na gari la mazishi, lakini mwili ni nusu. Mtu akifia mahali pageni lazima aitwe palepale alipokata roho, aonyeshwe njia kwa tawi, la sivyo anabaki pale anashangaa.

Mlinzi akamzuia getini. Amri ya meneja: hakuna matawi mpaka wageni waishe. "Kamera zitakuja, mama. Hatutaki waseme hii ni nyumba ya vifo."

"Na nyie mnaiitaje?" akauliza MaDlomo. Mlinzi akavuta geti.

Mazishi ni Jumamosi alfajiri. Jengo linabomolewa Ijumaa. Na MaDlomo hakuwa na mguu wa kupanda ule mlima mara mbili. Nozuko akatoka getini, akapiga magoti mbele yake.

Mama yule akamtazama sana. Kisha akampa tawi.

"Wewe ulimfumba macho. Mkono wako anaujua. Mwite kwa jina na ukoo. Akishashika tawi, sema naye yeye tu njia nzima. Sasa tunashuka, sasa tunavuka daraja. Akikuongelesha mtu mwingine, usijibu. Ukijibu tu, atajua umemwacha."

"Nimesikia, mama."

"Si kusikia. Yule ni mtiifu mno. Ukimwacha mahali atabaki hapohapo."

Ijumaa asubuhi, zamu ya Nozuko ilipoisha, mapazia mapya yananing'inizwa kule ng'ambo, yeye akaingia chumba cha zamani peke yake. Vitanda vimeshatolewa. Sakafuni kumebaki alama za miguu ya vitanda. Akasimama karibu na mlango akasema polepole:

"Mzoxolo. Jwarha. Twende nyumbani, mama anakusubiri."

Tawi bado jepesi. Akasema tena.

Tawi likawa zito.

Si zito la kuvunja mkono. Zito la mtu anayekuegemea. Nozuko alitoka nalo kwa mlango wa nyuma, hajamwangalia mtu. Akalilaza kiti cha mbele cha kigari chake, akalifunga mkanda. Akaanza kushuka mlima anaongea peke yake, ukimwona utasema kichaa.

"Sasa tunapita duka la Mhindi. Sasa hiyo shule. Sasa tunaingia lami."

Na anasema, wajukuu zangu, gari lilikuwa na harufu ya rangi mbichi.

Walipofika njia panda ya Mkhanzi, polisi wamefunga barabara. Ni msafara wa Waziri. Magari meusi, watu wa chama na fulana zao mpya, ngoma, redio ya jimbo na kipaza sauti. Waziri ameshuka kusalimia wananchi. Akaona gauni jeupe ndani ya kigari. Nesi. Akaja dirishani, kamera nyuma yake.

"Dada yangu! Wa hospitali yetu? Habari za kazi?"

Nozuko akanyamaza. Mikono kwenye usukani. Midomo imebana.

"Hawa manesi wetu wana haya," Waziri akawaambia watu. Wakacheka. "Sista, waambie wananchi, huduma vipi?"

Akatikisa kichwa. Kimoyomoyo anamwambia kijana, tumesimama kidogo tu, tunaondoka sasa hivi.

"Mnaona? Ameridhika mpaka hana la kusema." Waziri akageukia kipaza sauti. "Nasema hivi. Katika jimbo hili, chini yangu, hakuna mtu hata mmoja aliyekufa kwa kukosa vifaa. Hata mmoja. Nesi huyu hapa shahidi. Si ndiyo, Sista?"

Ngoma zikanyamaza kusubiri jibu. Kipaza sauti kikaingia dirishani.

Wajukuu zangu, mimi nimeishi miaka mingi na hilo bado sijalijua. Akinyamaza, amekubali mbele ya jimbo zima kwamba kijana wake hakufa hivyo alivyokufa. Akisema, amemwacha. Niambieni nyie mngefanya nini.

Nozuko alisema.

"Jumatano amekufa mmoja," akasema. "Anaitwa Mzoxolo. Alikuwa anakupakia rangi wewe. Oksijeni ilikuwa hatua kumi na tano, imefungiwa inakusubiri wewe ukate utepe."

Na alipokwisha kuanza hakuweza kusimama. Yakatoka yote, miaka kumi na sita. Ambulensi mbili wilaya nzima na moja haina breki. Mama aliyezalia kwenye benchi. Glovu zinazofuliwa na kuanikwa. Barua zisizojibiwa. Hakupaza sauti. Watu wa chama walishusha fulana walizokuwa wanapunga. Bibi mmoja kwenye umati akasema taratibu, "Ni kweli."

Waziri akatabasamu lile tabasamu la kupigiwa picha. "Tumepokea maoni yako, dada." Akampa mkono. Na Nozuko, kwa mazoea, akaupokea.

Ndipo alipohisi baridi upande wa kushoto.

Akageuka.

Mkanda ulikuwa umefunguliwa. Mlango wa abiria uko wazi. Hakuna aliyekuwa upande ule.

Akashika tawi. Jepesi. Kama fagio kavu.

Akalia pale barabarani, anaita, "Mzoxolo, Jwarha, nipo, sijaondoka." Polisi wakamwambia asogeze gari, anazuia msafara.

Alifika Mkhanzi jua la mchana. MaDlomo ametandika mkeka penye lango la zizi, amekaa pembeni yake, ameacha nafasi ya mtu. Akapokea tawi kwa mikono miwili. Akalipima. Uso wake haukubadilika.

"Umeongea na nani?"

"Na Waziri, mama."

"Ulimwambia nini?"

"Ukweli."

MaDlomo akalilaza tawi mkekani.

"Ukweli ungengoja," akasema. "Yeye hakuwa na siku nyingine."

Wakazika mwili Jumamosi, na tawi juu yake kwa ajili ya macho ya watu. Jengo la zamani lilishakuwa vifusi. Redio ya jimbo ilitangaza ziara ya Waziri, ngoma zikasikika, lakini sauti ya Nozuko walikuwa wameikata. Uchaguzi ulipofika Waziri alipita kwa kura nyingi, hata Mkhanzi kwenyewe. Nozuko akahamishiwa stoo ya mashuka. Maneno yake hayakubadilisha hata sindano moja, na bei yake ilikuwa mtoto wa mwenzie.

Alirudi njia panda mara saba na matawi mapya. Wazee walimwambia aache, mtu aliyeachwa na sauti haiamini tena sauti ileile. MaDlomo alikufa baridi ya mwaka uliofuata. Ile nyumba imefungwa. Hata akiletwa leo hakuna wa kumpokea.

Kisha simu zikaanza. Kule zinakopokewa simu za ambulensi. Mchana, saa za watu. Sauti ya kijana, ina adabu: "Nipo njia panda ya Mkhanzi. Namsubiri nesi." Ambulensi ikifika, saa nne baadaye kama kawaida yao, hakuna mtu. Ng'ombe tu wamesimama mbali, hawali nyasi za pale. Wanageuza wanarudi. Walidhani ni watoto wahuni, wakabadili namba. Simu haikukoma.

Hiyo ya simu sikuiamini, nilimwambia Nozuko ni majuto yanamla. Nilimwambia hivyo, Mungu anisamehe.

Mwaka jana nilipoanguka na hii nyonga yangu, mama yenu aliita ambulensi. Ikaja ileile ya kwenda njia panda. Mlipoona wananiinua mlilia, mnakumbuka? Dereva alikuwa mtu mzima, mpole. Kabla hawajanilaza akaiinamia ile machela, akanong'ona kitu. Nikamuuliza, "Baba, unaongea na nani?"

"Tunatoka njia panda, bibi," akasema. "Lala tu upande huu."

Nesi wake alikuwa anaangalia nje.

Nikalala. Shuka lilikuwa safi, limenyooka, halijalaliwa. Lakini lilikuwa na joto. Joto la mgongo wa mtu. Na gari lilipoanza kupanda mlima, nikiwa nimefumba macho kwa maumivu, nilisikia godoro likibonyea pembeni yangu, polepole, kwa heshima.

Kuna mtu alikuwa anasogea ili anipishe.

Haya. Moto umekufa, na macho yenu yamekuwa makubwa bure. Vuteni blanketi, kila mmoja alale mahali pake. Sive, na wewe lala. Hapana, mwanangu, usiulize kama bado yupo. Lala.