Joto Lililofukuzwa kwa Feni

Kila alfajiri, hata kabla ya chai, Mama Sabuni aliwasha kuni chini ya tangi. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu yeye ndiye mpishi wa sabuni katika kiwanda kidogo cha familia. Mume wake alishughulika na mafuta na jenereta. Wafanyakazi wanne walikata miche ya sabuni kwa mashine na kuipanga.

Mwaka huo Mama Sabuni alikohoa mfululizo. Daktari alimpima kifua, wala hakuzunguka mbuyu.

"Mama, achana na moshi wa kuni. Ukiendelea, mapafu hayatapona."

"Niache kazi? Hii ndiyo ninayoijua!"

Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Hakuna mwingine aliyeweza kutazama sabuni ikidondoka kwenye mwiko na kujua kwamba imeiva. Mume alileta mpishi wa muda. Alichopika kingefaa kuziba nyufa za ukuta.

Wiki hiyo mdogo wake Mama Sabuni alikuja kumjulia hali. Yeye ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo. Mume alimwingiza chumba cha jenereta amwonyeshe feni mpya.

"Shemeji, hapa palikuwa hapakaliki. Sasa feni inatoa joto lote nje."

"Na nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Si tangi la dada yako?"

"Kwa hiyo huku mnafukuza joto, kule mnachoma kuni kulitafuta?"

Mume alikuna kichwa. Feni ile alikuwa ameisifia kwa kila mgeni.

Fundi akaeleza. "Dizeli unayotia humu, kama theluthi moja tu ndiyo inageuka umeme. Sehemu kubwa iliyobaki ni joto. Linatoka na moshi, na maji yanayopoza injini. Viwanda vingi hulikusanya. Mafuta ni yale yale, lakini wanapata umeme na joto pamoja."

"Basi naelekeza bomba la moshi chini ya tangi. Leo leo!"

"Utatumaliza, shemeji! Moshi huo ni sumu. Lazima utoke nje. Sisi tunachukua joto lake tu. Bomba litapita ndani ya kasha la maji. Maji yakipata moto, yatazunguka tangi kwa nje, kisha yatarudi kwenye kasha. Hayatagusa sabuni."

Mama Sabuni alikuwa amesimama mlangoni. "Maji ya moto tu yataivisha sabuni?"

"Kwani dada, unaichemsha mpaka itokote?"

"Thubutu! Ikitokota inafura na kumwagika."

"Basi yatatosha. Itabidi uvumilie kidogo, itachelewa kuiva."

Kazi ya kuchomelea mabomba na kasha ilichukua siku tisa. Fundi aliweka valvu ya usalama na kupima kama kuna moshi unaovuja.

Siku ya kwanza mafuta ya sabuni yaligoma kuyeyuka tangini. Mama Sabuni alikuwa ameyamimina alfajiri, kama alivyozoea. Mume naye aliwasha jenereta saa sita mchana, wakati wa kukata miche, kama alivyozoea. Kila mmoja akamtazama mwenzake kwa jicho baya.

"Joto la jenereta hupatikana jenereta ikifanya kazi," alisema fundi. "Pikeni sabuni ya leo wakati mnakata ya jana."

Walibadilisha ratiba. Upishi na ukataji vikaanza saa mbili asubuhi, pamoja. Sabuni iliiva. Kuni hazikununuliwa tena, na feni ilibaki na kazi ndogo.

Miezi minne baadaye, daktari aliweka kipimo mgongoni kwa Mama Sabuni, akamwambia avute pumzi. Akavuta. Daktari akasikiliza; kifua kilikuwa kimetulia.

"Umeacha kazi?"

"Sijaacha," alisema Mama Sabuni. "Nimeacha moto."