Samahani Mbili za Rudaina

Kila asubuhi Rudaina, binti wa miaka kumi na miwili, alikunywa chai jikoni kwa kikombe kilichokatika mkono. Sebuleni mlikuwa na kabati la vioo lenye vyombo mia na ishirini ambavyo mama yake, Inji, alikuja navyo alipoolewa. Havikuwahi kuguswa. Kwao, kama kwa majirani wengi wa pale Kairo, vyombo vile vilikuwa vya kutazamwa tu.

Wiki ile baba yake, Sherifu, alitaka kabati litoke apate pa kuweka mashine ya mazoezi. Mama akakataa, wakanuniana. Watu wazima wawili, wenye shahada zao ukutani, wakawa wanazungumza kupitia mtoto.

"Rudaina, mwambie baba yako chakula tayari."

"Mwambie mama yako nimesikia, mimi si kiziwi!"

Siku ya tatu mama akatoa sanduku la nguo. "Mwambie baba yako kesho naenda kwetu. Akinitaka, anifuate huko."

Rudaina aliogopa sana. Mke akishaenda kwao, wajomba huingilia kati, na ugomvi wa siku tatu hugeuka wa miezi mitatu. Akaapa kwamba sanduku lile halitavuka mlango. Akamfuata baba roshani.

"Mama anasema samahani."

Kisha akarudi kwa mama. "Baba anasema samahani."

Wazazi wakakutana sebuleni, kila mmoja kidevu juu.

"Haya, nimekusamehe," baba akasema.

"Unisamehe mimi? Si wewe uliyeomba?"

"Nani, mimi? Thubutu!"

Kelele zikapanda hadi jirani wa juu akagonga sakafu. Rudaina akajitosa katikati yao.

"Hakuna aliyeomba! Nimedanganya, nisameheni. Lakini kuanzia leo sibebi maneno ya mtu. Mwenye la kusema amwambie mwenzake."

Mama akaketi juu ya sanduku. "Sherifu, nimechoka."

"Hata mimi, Inji. Nisamehe. Mashine itakaa roshani."

"Nisamehe na mimi."

Kisha mama akamvuta Rudaina karibu. "Uongo ni uongo, mwanangu, hata ukiwa na nia njema. Umeona ulivyochochea ugomvi. Lakini sisi ndio tuliokutwika mzigo usio wako." Akamtazama mumewe kwa aibu. "Na katika nyumba hii, wa kwanza kuomba msamaha wa kweli amekuwa mtoto."