Ukurasa Ambao Mama Hakuugeuza

Kitabu kilifunguka palepale kwa mara ya tatu, na Fundi akaamua kumfukuza mke wake.

Dada yake mkubwa alikuwa amesimama nyuma yake ndani ya karakana, mikono kifuani. Tangu aingie alikuwa hajakaa.

"Soma kwa sauti."

"Nimeshasoma, dada."

"Soma tena, mdogo wangu. Neno la Mungu halichoshi."

Fundi akaweka kidole kwenye mstari. Ni ile habari ambayo Mungu anajifananisha na mume, na watu wake anawafananisha na mke aliyetoka nje ya ndoa. Mume amechoka. Anasema huyu si wangu tena, na kila nilichompa nitamnyang'anya.

Kufungua Kitabu ilikuwa desturi ya nyumba yao. Marehemu mama yao, jambo likimshinda, aliomba, akafumba macho, akakisimamisha Kitabu kwa mgongo na kukiachia kijifungue. Kidole kilipotua, ndipo Mungu alipojibu. Fundi alirithi Kitabu, akarithi na desturi. Kazi yake ilikuwa kushona vitabu na kuvitia majalada. Watu walimletea maandiko yao yaliyochakaa, naye akayarudishia uhai. Lakini hiki cha mama hakuwahi kukitia sindano. Alikiogopa.

"Una hakika ulimwona?" akauliza.

"Kwa macho yangu. Kila Alhamisi akitoka kufua hospitalini haji nyumbani moja kwa moja. Anaingia chumba cha uani, ile nyumba ya kijani nyuma ya soko. Mkononi ana mashati ya kiume yamepigwa pasi. Yako hayo?"

"Yangu hapigi pasi. Anasema nayatia gundi kabla sijanywa chai."

"Basi kuna mwanamume mjini ambaye mashati yake hayana gundi."

Nje, kicheko kilikuwa kinakuja. Mke wake alicheka kwa namna ambayo mtaa wa pili walijua amefika, ndiyo maana watu walimwita Kicheko.

"Fundi wangu! Leo umeishika gundi au gundi imekushika wewe?" Akaingia, akamwona wifi yake, kicheko kikakatika. "Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Mumeo ana swali."

"Alhamisi huwa unakwenda wapi?" Fundi akauliza.

Mke akaweka mfuko chini taratibu.

"Kwa mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Nipe wiki moja tu. Atakuja mwenyewe, kwa miguu yake. Nimemwahidi."

"Hana jina?"

Mke akamtazama wifi yake, akamtazama sana. Dada akageuza uso kuangalia dirisha, ingawa dirishani hakukuwa na kitu.

"Nikilitaja jina lake humu ndani utanifukuza," mke akasema. "Nisipolitaja utanifukuza. Haya, chagua."

"Kitabu kimeshachagua."

"Kitabu?" Akakiona mezani, kimefunguka. "Umemuuliza Mungu habari zangu kabla ya kuniuliza mimi?"

"Usimtaje Mungu kwa mdomo huo!" Dada akafoka.

Kicheko aliingia ndani, akatoka na begi dogo. Mlangoni akasimama kidogo, kama mtu anayengoja kuitwa. Fundi akainamisha macho kwenye gundi yake.

"Mungu amekutetea," Dada akasema. Lakini alikifunga Kitabu bila kumtazama usoni.

*

Ujumbe wa kwanza uliingia baada ya siku chache.

"Mume wangu, pokea simu. Si mimi ninayetaka kuongea nawe."

Akaufuta. Ukaja mwingine.

"Hali imebadilika. Anakuulizia. Njoo hata kama mimi hunitaki. Njoo ukiwa na hasira zako zote, lakini njoo."

Akamwonyesha Dada, aliyekuwa amehamia pale kumpikia. Dada alisoma, na chai ikamwagikia kidoleni. Hakusema hata "ah".

"Shetani naye anajua kuandika ujumbe," akasema. "Zima simu."

Fundi akazima. Nyumba ikawa kimya kama kisima kilichofunikwa. Alikula bila kuhisi chumvi. Kitabu alikiacha benchini, na kila alipopita karibu nacho alihisi kama kuna mtu anamtazama.

Asubuhi moja karatasi zikaanza kuchomoka. Hakuwa na la kufanya, akakilaza Kitabu ili akishone. Kwa mara ya kwanza akakitazama kwa jicho la kazi, si la woga. Mgongo ulikuwa umevunjika mahali pamoja tu. Uzi wa hapo umelegea, kingo za ukurasa zimekuwa nyeusi kwa vidole, na katikati karatasi imevimba kama iliyonyeshewa.

Yeye mwenyewe alikuwa akimwambia kila mteja hivi: kitabu hujifungua pale kilipozoea kukunjuliwa. Ukikilaza wazi miaka mingi mahali pamoja, hakiendi kwingine.

Akakisimamisha, akakiachia. Palepale. Akakisimamisha tena, safari hii bila kuomba, akiwaza bei ya gundi. Palepale.

Ndipo akageuza karatasi. Upande wa pili ulikuwa mweupe, safi, hauna hata alama ya kidole. Na pale habari iliendelea: mume yuleyule aliyesalitiwa anaondoka kwenda jangwani kumfuata mkewe. Anazungumza naye kwa upole. Anamwita arudi nyumbani.

"Dada!"

Dada akaja na mwiko mkononi.

"Baba alipotuacha, mama alikuwa akisoma ukurasa gani?"

Dada akaufuta mwiko kwa kanga.

"Dada, nakuuliza."

"Alilala nao kifuani," Dada akasema. "Kila usiku. Alilia juu yake mpaka macho yakamharibika."

"Kwa hiyo ulijua kitafunguka wapi."

"Nilijua."

"Na mwenye yale mashati? Huyo pia unamjua?"

Mwiko ukashuka.

"Nilimwona dirishani. Amebaki mifupa, lakini kikohozi ni kilekile."

"Baba?"

"Usimwite hivyo! Mimi ndiye niliyemshika mama, wewe ulikuwa unatambaa. Wewe mwenyewe uliapa siku ya harusi yako kwamba atakayekutajia mtu yule atatoka na begi lake. Nimekusaidia kutimiza kiapo!"

Fundi akawasha simu. Jumbe zikamiminika. Wa mwisho ulikuwa mfupi.

"Baba amekwenda. Tunazika jioni hii."

Ulikuwa wa jana.

*

Alimkuta mkewe kwenye chumba cha uani, anakunja mashati juu ya kitanda kitupu.

"Nilimpata wodini," Kicheko akasema bila kugeuka. "Nilikwenda kuchukua mashuka. Nikaona vidole vyako kwa mzee ambaye hakuna mtu anayekuja kumtazama. Nikamuuliza kwao ni wapi, akamtaja mama yako. Alipotolewa wodini nikampangishia chumba hiki."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshanionya. Naye alikataa nikwambie. Alikuwa anajifunza kutembea, kutoka kitandani mpaka mlangoni. Alisema mtu haombi msamaha akiwa amelala."

Fundi akaketi sakafuni.

"Nisamehe, mke wangu."

"Na mimi ule ukurasa naujua. Unajua ulikosea wapi? Ulijiweka mahali pa Mungu. Wanaume wote mkisoma pale mnajiona ndio yule mume aliyekosewa. Hakuna anayejiona ndiye yule mke."

"Na sasa?"

"Sasa wewe ndiye yule mke. Nenda nyumbani ukangoje kuitwa. Uone inavyouma."

Akaenda, akangoja. Dada alikuwa ameshahama. Fundi alikishona Kitabu upya, uzi mpya, mgongo mpya, na sasa kinafunguka popote. Hakukiuliza lolote tena.

Mvua zilipoanza, simu ikalia.

"Njoo na mkokoteni. Vitu vya baba ni vingi."

Alikimbia mpaka kandambili moja ikabaki njiani.

Gharama ya ukurasa mmoja usiogeuzwa ni hii. Baba mmoja, aliyezikwa na mkwe wake na majirani wa uani, huku mwanawe amezima simu. Dada mmoja, ambaye mpaka leo akimwona Fundi anavuka barabara. Mashati ya mzee, yaliyopigwa pasi, yanayomkaa Fundi sawasawa na ambayo hathubutu kuyavaa. Na mke amerudi, anapika, anazungumza, anamkaripia kwa ajili ya gundi. Ila kile kicheko cha kufika mtaa wa pili hakurudi nacho.