Karoti za Kidoti

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Kidoti alimwagilia tuta lake la karoti katika bustani ya shule. Tuta la pili lilikuwa la binamu yake, Mpole, na hapo ndipo roho ilipomuuma. Majani ya Mpole yaling'aa. Yake yalikuwa ya manjano, utadhani yana homa.

"Siri yako nini?" aliuliza siku moja, kijicho kimemjaa.

"Samadi iliyooza. Mwalimu alisema tuirundike, tuwe tunaipindua, tungoje mpaka ioze kabisa. Nikangoja."

Kidoti akabetua mdomo. "Ngoja ngoja huumiza matumbo!"

Jioni hiyo alichota samadi mbichi zizini kwa jirani, akaifukia tutani. Jua lilipokausha udongo, akajiambia kuwa uchafu umekufa. Karoti zikanenepa, nyingine zikaota miguu miwili.

Siku mbili kabla ya mashindano ya karoti shuleni alichomoa moja, akaifuta kwa sketi, akaitafuna. Kesho yake alishinda akikimbilia chooni. Alijua sababu, lakini zawadi aliitaka mno.

Siku ya mashindano mwalimu wa bustani alitangaza, "Kidoti ameshinda! Darasa la kwanza, njooni mle!"

Karoti zilisuuzwa haraka kwenye ndoo. Mpole alipiga makofi. Kwa mara ya kwanza Kidoti alikuwa mbele yake, na wivu ukamwambia anyamaze. Kisha kasichana kamoja kakapeleka karoti mdomoni.

"Msile!" Kidoti alipiga kelele. "Nilitia samadi mbichi! Mimi mwenyewe imeniumiza tumbo!"

Karoti zikakusanywa zote. Kidoti akamgeukia bwana afya aliyealikwa, machozi yakimtoka. "Kwani jua halikuua vijidudu?"

Bwana afya akafukua tuta kwa kijiti. "Tazama, mwanangu. Juu pakavu, chini pana unyevu na joto. Vijidudu vya kinyesi huishi humo muda mrefu, na pengine huzaana. Lundo likioza vizuri hupata moto ndani, ndio unaoviua."

Zawadi ikaenda kwa Mpole. Kidoti aliumia, hilo halifichiki. Lakini Mpole alimshika mkono. "Twende tukanawe, binamu. Kesho nitakuonyesha kupindua lundo."

Mwalimu akawatazama. "Umesema kweli kabla mtoto hajaumwa, Kidoti, na hilo nalisifu. Ila wivu nao usiufukie. Juu utaonekana umekauka, kumbe chini unazaana."