Aliitwa Mara Tatu

Mke wangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Sindano. Hasikii tangu utotoni, lakini mashine ikianza kukorofisha, kiganja chake mezani kinajua kabla ya masikio yangu. Nyumbani tunazungumza kwa lugha ya alama. Tukigombana mikono inaruka, na huwa ananishinda.

Alipopata mimba, mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kliniki ya serikali. Siku moja nilikuwa na mageti ya kuchomelea. Akaniambia kwa mikono, "Nenda kazini. Mimi si mtoto."

Mimba ilikuwa ya miezi minane. Kichwa kilimuuma na miguu ilikuwa imevimba. Aliketi kwenye benchi tangu asubuhi. Pale muuguzi husimama mlangoni, huita jina kwa sauti, kisha hugeuka na kwenda zake. Sindano aliona wenzake wakiingia na kutoka. Alipoinuka kuuliza, alionyeshwa benchi kwa kidole. Jioni mlango ukafungwa.

Kesho yake alianguka kando ya cherehani, mwili mzima ukitetemeka. Hospitali walimwokoa yeye. Binti yetu alizaliwa amekufa.

Nilikwenda kliniki damu ikinichemka.

"Aliitwa mara tatu," karani akasema kutoka kidirishani. "Hakuitika. Tukajua ameondoka."

"Hasikii!"

"Sasa sisi tungejuaje, kaka?"

Nilitamani kuvunja kile kidirisha.

Jirani yetu, mkunga mstaafu, alikuja kutupa pole. Nilimtafsiria Sindano kila neno.

"Ilikuwa presha," mkunga akasema. "Mjamzito akiumwa kichwa na kuvimba, apimwe siku hiyohiyo."

"Alikwenda, mama! Wakamwacha kwenye benchi. Wana roho mbaya wale."

"Si roho mbaya, mwanangu. Pale kuna mfanyakazi hata mmoja asiyesikia?"

"Hakuna."

"Angekuwepo, angewaambia siku ya kwanza kwamba kuita kwa sauti hakutoshi. Ofisi ya umma ni ya watu wote. Basi watu wa kila aina wapate kazi humo, wasiwe wa kungoja benchini tu."

"Labda wasiosikia hawaombi kazi," nikasema.

Sindano akapiga meza kwa hasira, akaeleza kwa mikono. Rafiki yake, naye hasikii, alisomea ukarani na aliomba kazi palepale. Walimwita kwenye usaili kwa kumpigia simu. Hakupokea. Wakampa kazi mwingine.

Mkunga akatikisa kichwa. "Kliniki ina kamati ya wananchi," akasema. "Kikao chake ni wazi. Huhitaji kujuana na mtu. Twendeni."

Tulikwenda, na yule rafiki pia. Mkunga akauliza kwa nini kliniki haina mfanyakazi asiyesikia. Mwenyekiti akasema, "Nafasi za kazi hutangazwa kwa wote. Hatumbagui mtu."

Sindano akasimama. Alieleza kwa mikono kila kitu, kuanzia benchi hadi kaburi. Mimi nilifunga mdomo makusudi. Wajumbe wakatazamana.

"Mmeelewa?" nikauliza.

"Hapana," mwenyekiti akasema.

"Mke wangu alikaa hivyohivyo kwenu, siku nzima. Nyie mmekaa dakika chache tu, mmeshachoka."

Hapo ndipo walipoanza kusikiliza. Sasa kila mgonjwa hupewa namba, na namba huandikwa ubaoni. Wanaoomba kazi huitwa kwa ujumbe wa maandishi. Nafasi ya karani ilipotokea tena, yule rafiki alifanya usaili akiwa na mkalimani. Akawashinda wote. Wasiosikia sasa wanakwenda wenyewe, bila kuburuta mume wala dada.

Sindano ana mimba tena. Juzi nilimsindikiza kwa mazoea tu. Namba yake ikaandikwa, akaenda mezani. Karani mpya, rafiki yake yuleyule, alitakiwa kumwuliza amezaa mara ngapi. Jibu alilijua. Mikono yake ikasita hewani.

Kwa mara ya kwanza ofisi ile ilikuwa inamwuliza kwa lugha yake, na sisi tumeshazika.

Sindano akamjibu mwenyewe: "Mara moja. Binti. Nilimleta hapa, hamkutuona."