Namba Kumi na Tisa

Ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa. Nilikuwa kwenye chumba cha kuandalia vifaa, nakunja mashuka ya kijani, shemeji yangu alipoingia na karatasi mkononi na kifua mbele, utadhani yeye ndiye aliyegundua figo. Ni daktari bingwa wa kupandikiza viungo, mume wa mdogo wangu. Wauguzi tulimwita Dakika, kwa sababu utafiti wake wote ulikuwa wa kupunguza dakika ambazo figo inakaa nje ya mwili. Alipigiwa makofi kwenye mikutano, akarudi na kichwa kisichopita mlangoni.

Pale kwetu palikuwa na utaratibu. Kabla ya kumpasua marehemu ambaye familia imekubali atoe figo, muuguzi mkuu alisoma jina lake kamili kwa sauti, na sote tukanyamaza kidogo. Basi.

"Kuanzia leo hakuna kusoma majina," alisema. "Maiti hasikii, shemeji. Mnanipotezea dakika."

Dakika ya kusoma jina wala haikuihusu figo, maana ilikuwa bado mwilini. Lakini nani amwambie bingwa? Akaagiza majina yafungiwe kwenye bahasha ofisini kwake, na marehemu waitwe kwa namba. Aliziandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu, juu ya plasta, akazibandika kwenye kidole gumba cha mguu. Mtu mzima, na shahada zake zote! Nilimdharau tangu siku ile, na sijutii.

Figo zikaanza kuchelewa kufanya kazi. Inaunganishwa, inageuka nyekundu vizuri, damu inapita, lakini mfuko wa mkojo unabaki mkavu siku mbili, siku tano. Nyingine zilitolewa zikiwa zimekufa. Dakika akawafuta wagonjwa hao kwenye jedwali lake, utafiti ukaendelea kung'aa.

Na wagonjwa walisema jambo moja. Mwalimu mstaafu alinishika mkono wodini. "Sista, ni nani huyu anayeniuliza jina lake?" Mama wa wodi ya pili akaniuliza hivyo hivyo, na hawakuwahi kuonana. Nikampelekea shemeji habari. Akacheka.

"Dawa za usingizi," akasema. "Na ushamba."

Kisha ikafika zamu ya mdogo wangu. Miaka mitatu alikuwa akiunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na mishipa ilikuwa imechoka. Umebaki mmoja tu. Figo hii ikikataa, hana muda wa kusubiri nyingine. Daktari mwingine ndiye aliyeipandikiza, lakini aliyeitoa ni Dakika. Ilitoka kwa marehemu namba kumi na tisa, mwanamke kijana aliyegongwa na gari.

Siku ya kwanza, mfuko mkavu. Siku ya pili, mkavu. Siku ya tatu, saa nane mchana, jua limejaa wodini, nilikuwa namrekebishia mto. Alikuwa amelala. Midomo ikafunguka.

"Naitwa nani?"

Haikuwa sauti yake. Nikainama.

"Nani?"

Macho yalikuwa yamefumba. Shuka lilikuwa limepanda miguuni. Nikataka kulivuta. Kwenye kidole gumba chake palikuwa na plasta. Kumi na tisa. Bluu.

Nilikimbia hadi ofisini kwa shemeji.

"Fungua bahasha. Uje umsomee jina."

"Shemeji, nikisoma jina na figo ikaamka, unajua utafiti wangu utasemwaje?"

"Ni mke wako!"

Akaitazama karatasi ya utafiti wake pale mezani. "Tusubiri mpaka kesho," alinong'ona.

Kumbe aliamini! Mpumbavu yule aliamini kila neno, na bado alitaka kusubiri.

Nilimwacha hapo hapo. Mama wa marehemu nilimkuta kwenye benchi nje ya ofisi ya kumbukumbu, amekuja kuchukua nguo za binti yake aliyegongwa na gari. Nikampigia magoti. Hakuniuliza mengi. Alikuja, akainama sikioni mwa mdogo wangu, akaliita jina lote la binti yake, kama alivyozoea kumwamsha asubuhi. Tone likaanguka kwenye mfuko. Likafuata jingine. Yule mama akalia, nami nikalia naye.

Mdogo wangu sasa ni mzima, yuko nyumbani. Lakini siku ya kuruhusiwa, tukijaza fomu, kalamu ilimgoma kwenye nafasi ya jina la mume.

"Dada, mume wangu anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Hakuna kitu. Shemeji yangu wa miaka kumi na sita! Muuguzi mkuu hakujua. Mlinzi hakujua. Kwenye utafiti wake, pale pa jina la mwandishi, pako peupe.

Bado yuko. Anazunguka wodini na koti lake jeupe, anawainamia wagonjwa mmoja mmoja, ananong'ona swali lile lile. Wazazi wake walishafariki, hana wa kumwita. Akinifikia mimi, namwambia maiti hasikii, naendelea na kazi yangu.

Jana nilipita mlangoni pa ofisi yake. Kibao cha shaba kimekuwa laini, hakina hata herufi moja. Katikati pamebandikwa plasta. Mwandiko wake naujua vizuri, na ule haukuwa wake.

Ishirini, kwa bluu.